Kopo la Biskuti la Kila Jumapili

Jumapili ile niliamka kabla ya jogoo wa jirani, nikapiga magoti kando ya cherehani yangu, nikamwomba Mungu anipe ujasiri wa kusema sentensi moja tu. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: usije tena mpaka tumalize madeni. Sikuomba niiseme vizuri, wala sikuomba yule wa kuambiwa asiumie, maana niliona hayo ni mengi mno kwa asubuhi moja. Niliomba mdomo ufunguke, basi.

Wa kuambiwa alikuwa fundi wa mafriji, mwanaume mrefu, mpole wa sauti, mwenye alama ndogo za kuungua kwenye vidole. Kwa miezi mitano alikuwa akija kwetu kila Jumapili saa nane mchana. Nilimpenda. Naliweka hili mbele ili mtu asije akadhani nilikuwa na moyo mgumu. Siku moja ya kazi alipita ghafla kunisalimia, nami niliposikia pikipiki yake ikizimwa nje nikashona mkono wa shati la sare ya shule mahali pa kola. Mtoto wa watu alikuwa karibu aende shule na mkono shingoni.

Lakini kumpenda ni jambo moja, na kumlisha ni jambo jingine, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika bajeti ya nyumba.

Niliipata kazi hiyo miezi miwili nyuma, usiku ambao Mama alishindwa kulala. Aliniita chumbani, akainua godoro, akatoa karatasi za madeni matatu aliyokuwa akiyakusanya na kuyalalia, moja baada ya jingine, bila kumwambia mtu tangu Baba afariki. Deni la kwanza lilikuwa la kikundi cha akina mama, alilolipia ada ya chuo ya mdogo wangu wa kike anayesomea uuguzi. La pili lilikuwa la seremala, aliyetupa makochi kwa malipo ya kila mwezi. La tatu lilikuwa kwenye daftari la duka la pale kona, kwa mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho. Dukani kwake alitundika kibao kinachosema kwamba mkopo ni kesho, lakini ukisimama mbele yake kwa dakika mbili na uso wa huruma, anavuta daftari mwenyewe na kukuuliza unataka nini.

Nilinunua daftari la mistari ya hesabu, nikaanza kukata. Sukari ikatoka kilo tatu hadi moja na nusu. Mdogo wangu akapoteza rangi ya mdomo, akanibatiza jina la Mhasibu kwa kulipiza. Mama, ambaye alikuwa na desturi ya kuongea na mama mdogo kwenye simu mpaka sikio lipate joto, akawekewa dakika kumi kwa wiki, na zote kumi alizitumia kunisengenya. Friji nikaizima siku chache tu kabla ya Jumapili ile, maana kwa mwezi ilikuwa inakula umeme kuliko cherehani, pasi na taa zote kwa pamoja. Mimi mwenyewe niliacha kwenda saluni, nikawa nafunga kitambaa kichwani kama mtu aliyeweka nadhiri.

Yote hayo yalipokatwa, ukabaki mstari mmoja uliokuwa wa tatu kwa ukubwa, baada ya kodi ya nyumba na deni la kikundi. Nilikuwa nimeuandika Mgeni wa Jumapili. Ndani yake mlikuwa na kuku, mchele wa daraja la kwanza, soda nne, matunda, na sabuni ya kunawia yenye harufu ya waridi ambayo sisi wenyewe hatukuruhusiwa kuigusa. Mama aliuendesha ule mchezo wa ukarimu kwa mkopo wa Bwana Kesho, kila Jumamosi jioni, bila kukosa.

Nilipomwonyesha ule mstari, hakunipa hata nafasi ya kueleza.

"Kata sukari, kata umeme, ukitaka nikate hata mimi," alisema. "Lakini mkwe wangu usimguse."

Hofu yake ilikuwa shangazi wa yule fundi. Ndiye aliyemlea, na Mama alikuwa amesikia kwamba ni mwanamke anayeingia nyumba ya watu na kupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Akisikia tuna madeni, Mama alisema, atamwambia mtoto wake kwamba hawa hawamtaki mkwe, wanataka mtu wa kuwabebea mzigo. Kwa hiyo nilikatazwa kabisa kumwambia chochote. Hata makochi, nilikuja kuelewa, yalinunuliwa kwa ajili yake, ili apate mahali pa heshima pa kukaa. Yalikuwa bado yamefunikwa plastiki ya dukani, na Mama aliipangusa kila asubuhi.

Upande wa mapato yule mgeni alikuwa na kitu kimoja tu. Kila alipokuja alileta kopo la biskuti, la bluu, la duara, lenye picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Mama alilipokea kwa mikono miwili na kuliweka juu ya kabati. Jumatatu alilifunga kwenye kanga, akalipeleka kwa Bwana Kesho, naye akatukatia elfu nane kwenye deni. Hatukuwahi kufungua hata moja. Jumatatu iliyotangulia Jumapili ile nilikwenda mimi, na kwa kuwa mzee alikuwa ameanza kusahau, niliandika nane chini ya kopo kwa chaki yangu ya kushonea, kama ninavyoandika vipimo kwenye kitambaa, nikamwonyesha kabla ya kumkabidhi.

Basi saa nane ilifika, na pikipiki ikazimwa nje.

Aliingia amevaa shati jeupe nililomshonea mwenyewe, kopo kwapani. Alimwamkia Mama, akamtania mdogo wangu kuhusu sindano za chuo, kisha akaniangalia. Sijui niueleze vipi ule mtazamo wake. Alikuwa anaangalia kama mtu anayesikiliza mashine, akitafuta wapi pamelegea. Nilihisi amekwisha kuniona moyoni, nikakimbilia kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Aliketi kwenye kochi. Kama kawaida aliketi ukingoni kabisa, mgongo wima, miguu imekanyaga sakafu kwa nguvu. Kwa muda mrefu kukaa kwake huko kulikuwa kukininyima raha, maana nilidhani ni mtu anayejiandaa kuondoka.

Joto la siku hiyo lilikuwa kali. Baada ya salamu za huku na huku aliomba maji ya baridi. Mama akadakia kwamba maji ni ya watoto, mgeni anywe soda, na mdogo wangu akatumwa chumbani kuileta. Nasema chumbani kwa sababu soda zilikuwa zimelala kwenye ndoo ya maji chini ya kitanda. Fundi aliishika ile chupa, akaiweka shavuni, akaitazama. Mtu ambaye miaka kumi anaishi kwa kupima ubaridi huwezi kumdanganya na ndoo.

"Fundi," aliniambia, maana ndivyo tulivyoitana sisi wawili, "friji ina nini?"

Mama alisema haina kitu. Mdogo wangu alisema imejaa. Walisema kwa pamoja, na kabla sijapata la kusema, yeye alikuwa ameshainuka kuelekea jikoni.

Nilimfuata mbio, lakini alinitangulia kufungua mlango. Ndani ya friji hamkuwa na taa wala ubaridi. Mlikuwa na mashati arobaini na mawili ya sare za shule, yamekunjwa kwa vipimo, madogo rafu ya juu, makubwa chini, na kwenye droo ya mboga nilikuwa nimeweka vifungo na ile sabuni ya mgeni. Lilikuwa kabati zuri sana. Panya hawakuweza kuingia.

Alipitisha macho rafu moja baada ya nyingine, ameshika mlango. Kisha akainama, akauokota waya uliokuwa umezungushwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha kitambaa.

"Imeharibika, ukaona aibu kuniambia," alisema.

Nikamjibu kwamba haijaharibika.

"Basi nani ameizima?"

"Mimi."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na ulikuwa ugomvi wa sauti za chini, kwa sababu Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia na kivuli chake kilionekana chote. Alitaka kujua kwa nini. Nikasema kelele zake zinanisumbua nikishona. Akasema hiyo friji haina kelele ya kumsumbua mtu, mota aliifunga yeye. Nikasema labda ni harufu. Akaingiza kichwa ndani, akanusa mashati, akasema ananusa sabuni ya waridi tu. Kila uongo niliojaribu alikuwa na utaalamu wa kuukataa.

Mwishowe aliufunga mlango taratibu, akauegemea.

"Nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu? Kazi ya friji hii ilikuwa ya saa mbili. Niliifanya siku nne."

Nilimkumbuka siku zile, ameketi sakafuni na bisibisi zake, mimi nimeketi kwenye benchi langu la kushonea, tukiongea mpaka uzi unaisha kwenye bobini na mguu wangu unaendelea kukanyaga. Nilikuwa nimejiuliza kwa nini anafungua skrubu ileile kila siku.

"Nikiisikia inaunguruma nikifika hapa, najua mambo yetu yanaenda," aliendelea. "Sasa umeizima. Niambie tu, fundi. Umenichoka?"

Hapo mdomo ulifunguka, kama nilivyoomba. Nilimtazama machoni nikasema, "Usije tena." Nusu ya pili ya sentensi, ile yenye madeni ndani yake, niliyokatazwa na mama yangu mzazi, ilifika kwenye ulimi ikarudi. Nilibaki nimefungua kinywa kama samaki. Tangu siku ile nikiomba, naomba kwa ukamilifu, hata kama ni maombi marefu.

Alisubiri kidogo, labda akitegemea neno jingine. Kisha akasema sawa. Alilisema polepole, akaurudisha ule waya mahali ulipokuwa, akaupanga vilevile nilivyoupanga mimi, na kitendo hicho kiliniuma kuliko kama angepiga mlango teke.

Alirudi sebuleni kuchukua kofia yake ya pikipiki. Alimwambia Mama kwamba amekumbuka kazi. Mama, aliyekuwa ameruka kutoka nyuma ya pazia na kujifanya anapanga sahani, alimwomba angalau asubiri kuku. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Nami nilichofikiria, katika ule mchanganyiko wangu, ni kwamba si haki kubaki na zawadi ya mtu niliyemfukuza. Nikalikamata kopo la biskuti, nikamfuata, nikalinyanyua kumkabidhi, na lilipopita mbele ya macho yangu nikaona chini yake namba nane.

Ilikuwa chaki yangu, nane yangu, yenye kichwa kidogo na tumbo kubwa.

"Umelinunua wapi kopo hili?" niliuliza.

Akasema hapo kona, kwa Bwana Kesho. Nilimuuliza na la wiki iliyopita. La wiki iliyopita pia. Na kabla ya hapo? Yote, kwani kuna nini, alisema, si ndiyo duka la njiani? Nilimuuliza kama hakuwahi kuona kwamba limebonyea pembeni. Alisema aliona, ila kwa kuwa kila Jumapili anakuta limebonyea palepale, alidhani kiwandani ndivyo wanavyoyatengeneza.

Mdogo wangu aliketi sakafuni akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na ulilipa taslimu?"

Hapo mtu wangu akashusha macho, akaanza kuzungusha kofia mikononi. Pesa ya taslimu, alisema, alikuwa anaitunza kwa jambo ambalo hakutaka kulitaja akiwa amesimama mlangoni. Shangazi yake alikuwa amemwonya asikanyage ukweni mikono mitupu. Kwa hiyo kopo alikuwa akilichukua kwa daftari, elfu kumi na mbili kila Jumapili, alipe mwisho wa mwezi.

Mama aliketi ghafla kwenye kochi, akateleza kwenye plastiki, akashika mkono wa kochi asianguke.

Sikuhitaji daftari kupiga hesabu ile. Kila Jumapili yeye alikopa kumi na mbili. Kila Jumatatu sisi tulipunguziwa nane. Kopo moja, ambalo hakuna aliyewahi kulionja, lilikuwa limezunguka miezi mitano kati ya duka na kabati letu, na kila lilipozunguka lilimwachia Bwana Kesho elfu nne. Niliwaeleza hivyo, nimesimama katikati ya sebule, nimelishika kopo kama mwalimu aliyeshika tufe la dunia. Na kwa kuwa siwezi kueleza hesabu nusu, maneno yote niliyokatazwa yakatoka nyuma yake: deni la duka, la kikundi, la makochi, friji, dakika kumi za simu, na ule mstari wa Mgeni wa Jumapili.

"Nilitaka kusema usije tena mpaka tumalize madeni," nikamalizia. "Ikatoka nusu."

Aliliangalia kopo, akaiangalia ile nane. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipodhani analia, nikaona anacheka, akaegemea mlango akacheka mpaka kofia ikamtoka mkononi. Mdogo wangu naye akaachia. Mimi nilicheka na machozi yakiwa yananitiririka, na sikujua yapi ni ya nini.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, akichezea upindo wa kanga yake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba sasa aibu yake imejulikana, na kwamba mwanangu, alimwita hivyo, usimhesabie binti yangu makosa yangu. Shangazi yako akisikia, alisema, haki yake kukataa.

Kicheko kikaisha. Fundi aliacha kofia chini, akaja, akachuchumaa mbele ya Mama.

"Mama, shangazi yangu yuko kwenye vikundi viwili," alisema. "Anakopa kwa kimoja kulipa kingine. Na ana makochi kama haya. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kuruhusiwa kuyakalia. Nimekuja hapa, nikapewa ya kukalia, nikagundua kumbe yanateleza. Miezi mitano nakaa kwa kujishikilia kwa miguu."

Mama aliinua uso. Aliniangalia mimi, akaliangalia kochi, na pole kwa pole midomo yake ikaanza kumsaliti.

Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kasi. Alitaka tumruhusu alipe deni la duka, na Mama akakataa hata kabla hajamaliza, kwamba mtu ambaye bado hajaoa halipi deni la nyumba, huko ndiko kumpa shangazi maneno. Mimi nikamuunga mkono Mama. Akataka alete mchele. Tukakataa. Akauliza, sasa anaruhusiwa nini?

"Hesabu zangu zinasema miezi minane," nilimwambia. "Tukijibana."

"Minane nitasubiri," alisema. "Ile pesa ya kuwaleta wazee wangu ipo, sijaigusa, na sitaigusa. Ila sitasubiri nikiwa kwetu. Nitasubiri hapa, kila Jumapili, kwenye lile benchi lako la kushonea. Nitakuja mikono mitupu, mnipe maji. Nataka niwe mgeni wa bei nafuu."

Nilikwenda kulichukua daftari. Mama alininyang'anya kalamu. Alitafuta ule mstari kwa kidole, kwa kuwa miwani alikuwa ameivunja na nilikuwa nimekataa kuitengeneza mwezi ule, na alipoupata akaukata mara mbili. Nilimuuliza niandike nini badala yake.

"Usiandike kitu," Mama alisema. "Mtu wa nyumbani haandikwi." Kisha, bila kuulizwa, akashusha kalamu kwenye mstari wa makochi, akafikiri, akavuta pumzi kama mtu anayevua kiatu kinachobana. "Seremala alisema akiyakuta hayajachubuka atayachukua na kufuta deni. Kumbe plastiki ilikuwa na kazi."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshainuka kwenda kuangalia kuku, yule wa mwisho.

Tulipomaliza kula tulilifungua kopo. Ilikuwa ni lazima, hatukuweza kujizuia. Ndani hamkuwa na biskuti. Baada ya miezi mitano ya kubebwa kwapani na kwenye kanga zilikuwa zimesagika zote, unga mtupu, wenye chembe za sukari zinazong'aa. Tukaleta vijiko. Fundi aliketi kwenye benchi, nami pembeni yake, na kwa kuwa benchi ni fupi bega langu liligusa lake, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyesogea. Soda ilikuwa ya moto. Nilimshukuru Mungu kimyakimya kwa kila kijiko, na kwa mdomo wangu uliofunguka nusu, maana kama ungefunguka wote angeondoka ameelewa, na tusingeligundua lile kopo.

Jumatatu nilikwenda dukani na hesabu mbili, yetu na yake, nikamweleza Bwana Kesho kisa chote. Mzee alishangaa kwa dhati. Alisema yeye alijua kwamba sisi tunajua, akadhani ni namna yetu ya kuchumbiana. Alikata zile elfu nne zote za kila wiki, nusu kwenye deni letu, nusu kwenye la fundi, akitoa jasho.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. Alikuwa anaiangalia rafu, pale ambapo palikuwa na nafasi ya duara isiyo na vumbi.

"Na kopo je?" aliuliza. "Mbona leo hujalileta?"

Kopo lilikuwa juu ya cherehani yangu, limeoshwa, limejaa sindano na nyuzi, na ile nane ya chaki sikuifuta.

"Halirudi tena, mzee," nikamwambia. "Limeshaolewa."